Arp Schnitger, Fundi wa Vinanda vya Mabomba

Mabibi na mabwana, walimu wa kwaya, wapiga kinanda, na ninyi mafundi seremala mliofunga karakana mapema ili mje kusikia habari za fundi mwenzenu aliyefariki miaka zaidi ya 300 iliyopita: karibuni, na asanteni kwa kufika.

Nianze na moto. Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Hamburg liliungua kwa mashambulizi ya ndege. Kabati kubwa la kinanda chake, lililosimama pale tangu mwaka 1693, liliteketea. Lakini mabomba yake na masanduku yake ya upepo hayakuwamo. Yalikuwa yamefunguliwa kipande kwa kipande na kuhifadhiwa mahali salama kabla ya moto huo. Ndiyo maana kinanda kile bado kinapigwa leo, na sauti yake inatoka kwenye mabomba yaleyale ya zamani. Swali la jioni hii ni la kifundi: ni kazi ya namna gani hiyo, inayoweza kufunguliwa yote, kuhamishwa, kukaa gizani miaka, kisha mtu mwingine asiyemjua aliyeiunda akairudisha ikaimba?

Ninaposema kinanda, msifikirie kile cha umeme tunachochomeka ukutani. Nasema kinanda cha mabomba, ambacho wengine hukiita ogani: kila sauti ina bomba lake, na bomba haliimbi mpaka lipate upepo wa kweli. Cha Mtakatifu Yakobo kina mabomba karibu 4,000, kibodi nne za mikono, na kibodi ya tano inayopigwa kwa miguu, yaani pedali. Mabomba hayo yamegawanyika katika rejista 60. Rejista ni safu nzima ya mabomba ya tabia moja, kama vile kwaya ilivyo na soprano wenye sauti ya filimbi na besi wenye sauti ya ngoma. Mpiga kinanda huzichagua kwa kuvuta vishikio vilivyo pembeni mwake.

Aliyekijenga ni Arp Schnitger. Alizaliwa mwaka 1648 karibu na Golzwarden, kwenye nchi tambarare ya mto Weser, kaskazini mwa Ujerumani, katika nyumba ya maseremala. Hata jina la ukoo ni la kazi: Schnitger maana yake mchonga mbao. Mwaka 1666, akiwa na miaka 18, alipelekwa Glückstadt kwa ndugu yake wa ukoo, Berendt Huss, ajifunze vinanda. Huss alifariki mwaka 1676, na Schnitger akabaki na kazi za bwana wake zilizokuwa hazijaisha mjini Stade. Alizimaliza, akafungua karakana yake palepale, na mwaka 1682 akahamia Hamburg kwa sababu kanisa la Mtakatifu Nikolai lilimpa kazi ambayo wengi wangeiogopa. Alipoimaliza mwaka 1687, kinanda kile kilikuwa na rejista 67 na hakuna kilichokizidi duniani kwa wakati ule. Bomba lake kubwa kuliko yote lilikuwa na uzito wa pauni 860. Kiliteketea katika moto mkuu wa Hamburg wa mwaka 1842, na huo ni msiba ambao watu wa vinanda hawajausahau.

Sasa tuingie ndani ya kabati, maana sifa za mtu huyu ziko huko na si kwenye malaika wa mbao waliopakwa dhahabu.

Fuateni kidole kimoja. Mpiga kinanda anabonyeza sauti ya do. Nyuma ya kibonyezo kuna ufito mwembamba wa mbao, mwepesi kama unyasi, unaovutwa kwenda juu kabatini. Ufito huo unazungusha mhimili mdogo uliolala ubaoni, kwa sababu mabomba ni mapana kuliko kibodi na mvuto lazima uhamishwe pembeni. Mhimili unavuta waya wa shaba nyeupe, na waya unafungua kilango kilichofunikwa kwa ngozi ya kondoo ndani ya sanduku la upepo. Kilango kikifunguka, upepo unajaza mfereji wa sauti ile ya do. Juu ya mfereji huo yamesimama mabomba yote ya do, moja la kila rejista. Kwa nini basi hayalii yote pamoja? Kati ya mfereji na mabomba kuna vitelezi: mbao ndefu nyembamba zenye matundu. Ukivuta kishikio cha rejista, kitelezi kinasogea sentimita chache, matundu yake yanalingana na matundu ya sanduku, na upepo unapita. Ukikirudisha, matundu yanapishana na rejista ile inanyamaza. Basi. Hakuna umeme, hakuna mpira, hakuna kitu ambacho fundi mwenye patasi na randa hawezi kukitengeneza upya. Kidole kinahisi kabisa kilango kinapobanduka, na ndiyo sababu wapiga kinanda wa leo, waliozoea mitambo ya kila aina, wakivigusa vinanda hivi huona kama wamepewa sauti mkononi.

Sanduku lenyewe ni la mwaloni, mti mgumu wa Ulaya. Mafundi wa kazi hii humimina gundi ya moto ya ngozi ndani ya mifereji, hulipindua sanduku huku na huku mpaka kila kitundu cha mbao kizibwe, kisha humwaga iliyobaki. Ukilipua hatua hii, upepo unavuja kutoka mfereji wa do kwenda wa jirani yake, na bomba ambalo hakuna aliyelibonyeza linaanza kunong'ona. Kosa hilo halionekani kwa macho, na kulirekebisha ni kushusha mabomba yote.

Upepo unatoka kwenye mivukuto. Ni ndugu wa mivukuto ya mhunzi: mbao mbili zilizounganishwa kwa ngozi, zinazofunguka kama kitabu. Mtu hukanyaga mti, ubao wa juu unanyanyuka, kisha unashuka polepole kwa uzito wake na wa mawe yaliyowekwa juu. Uzito ndio unaosukuma upepo, si mguu, na kwa hiyo mkanyagaji akichoka au akiharakisha sauti haitetemeki, mradi mvukuto mwingine uko tayari kabla wa kwanza haujafika chini. Nguvu ya upepo huo ni ndogo kuliko mnavyodhani. Katika vinanda vya namna hii ni kiasi cha kunyanyua maji milimita 70 hadi 90 kwenye kibomba cha kupimia. Tairi la gari dogo lina shinikizo kama mara 250 ya hapo. Ni pumzi ya mtu anayeimba bila kukaza shingo, na ndivyo mabomba yanavyosikika.

Kuhusu mabomba naomba tukae kidogo. Ya mbele, yanayong'aa, kwa kawaida hutengenezwa kwa bati nyingi. Nasema bati lenyewe, ile metali laini nyeupe, wala si mabati ya kuezekea. Ya ndani ni risasi nyingi yenye bati kidogo. Huko Göteborg, Sweden, ambako kinanda kikubwa cha mtindo wa Schnitger kilizinduliwa mwaka 2000, watafiti na mafundi walirudi kwenye njia ya zamani ya kusubu metali juu ya mchanga, baada ya kugundua kwamba mabomba ya kisasa hayaimbi kama yale ya Hamburg. Kazi inakwenda hivi. Meza ndefu hutandazwa mchanga laini wenye unyevu kidogo sana, kisha husawazishwa kwa ubao mpaka uwe kama kioo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 na bati kwenye 232, hivyo mchanganyiko humwagwa kwenye kisanduku kisicho na kitako kilichokaa kichwani mwa meza, na watu wawili hukivuta mbio hadi mwisho. Nyuma yake linabaki shuka la metali. Kwa sekunde chache linang'aa kama maji, kisha ghafla linafifia rangi: limeganda. Mchanga ukiwa na maji mengi, mvuke unalipuka na risasi ya moto inamrukia fundi. Ukiwa mkavu mno, shuka linatoka na mawimbi.

Shuka likipoa hufuliwa kwa nyundo na kupigwa randa, nene upande wa mdomo, jembamba upande wa juu. Bomba la unene mmoja lina mabega mazito, na miaka mia ikipita huanza kujikunja kwa uzito wake. Kisha hukatwa, kingo hupakwa chokaa iliyochanganywa na gundi ili lehemu ishike pale tu inapotakiwa, hukunjwa juu ya gogo la mviringo, hulehemiwa. Mdomo huchukua karibu robo ya mzingo wa bomba, na urefu wa ufa wake ni karibu robo ya upana wa mdomo huo. Ukikata ufa juu zaidi sauti inakuwa pana na nzito, chini zaidi inakuwa kali. Ukishakata hurudishi. Fundi mwenye busara hukata kidogo, husikiliza, hukata tena.

Kuna jambo ambalo wanaotengeneza upya vinanda vya zamani walijifunza kwa uchungu. Risasi ya kiwandani ya leo ni safi mno. Ile ya zamani ilikuwa na chembe za metali nyingine, na chembe hizo ndizo zilizoipa mgongo. Bomba la risasi safi huanza kulegea miguu. Tena risasi ina adui mwingine ambaye hakuna angemdhania: mwaloni wenyewe. Mwaloni mbichi hutoa mvuke wa asidi ileile ya siki. Katika kanisa la Mtakatifu Yakobo la Lübeck, ambako kuna kinanda cha zamani kuliko Schnitger, miguu ya mabomba ililiwa mpaka ikatoboka, na uchunguzi uliofanywa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba asidi hiyo ilikuwa ikitoka kwenye mbao na gundi za matengenezo. Anayebadilisha ubao mmoja ndani ya sanduku la upepo na achague ubao uliokaushwa miaka, na gundi ya ngozi, si ile nyeupe ya kopo.

Naona walimu wa kwaya wanasubiri habari za sauti. Haya. Kinanda cha Mtakatifu Yakobo wa Hamburg kimepandishwa: la yake ina mitetemo 495 na ushei kwa sekunde, wakati la tunayoizoea sisi ni 440. Ni karibu sauti nzima juu. Kwa mwenye kulipa, maana yake ni mabomba mafupi kwa kama asilimia 11, na risasi ni pesa. Halafu oktava ya chini kwenye kibodi zake kuu haina vibonyezo vyote. Zimerukwa do-diezi, re-diezi, fa-diezi na sol-diezi, zile nusu-sauti ambazo muziki wa wakati ule haukuzihitaji sana chini kule. Badala ya sauti 49, kibodi ina 45. Sauti nne zinaonekana chache, lakini nne hizo ndizo zenye mabomba makubwa kuliko karibu yote, na kila rejista inaokoa manne yake. Kwenye rejista ya futi 16 bomba la kwanza lina urefu wa karibu mita 5. Pigeni hesabu ya metali.

Na ulinganishaji wa sauti si wa kisasa. Leo tunagawanya oktava katika nusu-sauti 12 zilizo sawa, na kila wimbo unavumilika katika kila ufunguo. Zama za Schnitger mpango uliotumika ulitaka umbali uitwao tatu kubwa, kama kutoka do hadi mi, uwe safi kabisa au karibu. Gharama yake ilikusanywa kwenye umbali mmoja wa sauti tano, sol-diezi na mi-bemoli, uliobaki mbaya kiasi cha kuitwa mbwa mwitu kwa jinsi unavyobweka. Mtengenezaji wa mwisho wa kinanda cha Mtakatifu Yakobo, Jürgen Ahrend, aliyefanya kazi hiyo kuanzia 1989 hadi 1993, alichagua mpango wa namna hiyo uliolegezwa kidogo. Matokeo ni kwamba akodi ya do kubwa inakaa kimya kama maji mtungini, na mtunzi akihama kwenda kwenye funguo za mbali masikio yanajua kwamba ametoka nyumbani. Kwangu mimi hiyo ni mali, wala si kasoro. Wimbo wa majuto ulioandikwa kwa kinanda kama hiki, ukiupiga kwenye kinanda cha leo, nusu ya machozi yake yamekauka.

Kuhusu joto, angalizo moja la vitendo. Joto likipanda nyuzi 10, mabomba ya midomo hupanda karibu theluthi moja ya nusu-sauti. Lakini rejista za ulimi, yaani tarumbeta na posauni, ambazo ndani yake kuna ulimi wa shaba nyeupe unaopigapiga, hubaki karibu pale zilipokuwa. Msikilizaji husema tarumbeta zimeharibika. Hazijaharibika, wengine wamesogea. Ulimi una waya wa kuurekebisha: ukigonga waya chini ulimi unafupika na sauti inapanda. Kwa hiyo mtunza kinanda hugonga waya za tarumbeta chache na kuyaacha mamia ya mabomba ya midomo yakae kwa amani. Asiyejua hivyo hukata na kukunja vichwa vya mabomba kila msimu, na baada ya miaka 50 vichwa vimechanika.

Schnitger alikuwa na tabia moja ambayo napenda kuisema polepole. Alipoitwa Mtakatifu Yakobo, alikuta mabomba ya mafundi waliomtangulia, ya miaka ya 1500 na ya mwanzo wa 1600. Angeweza kuyayeyusha yote na kuandika jina lake juu ya metali mpya. Hakufanya hivyo. Alipokea safu nzima nzima, akazisikiliza, akazipangia mahali karibu na zake. Kinanda chake kikubwa kuliko vyote alivyotuachia kimebeba kazi za wazee wake, na ukikaa ndani ya kanisa huwezi kuonyesha mpaka uko wapi. Kwenye kila bomba hukwaruzwa herufi ya sauti yake, na alama hizo ndizo zinazomwongoza fundi anayefuata, hata akija baada ya karne mbili.

Na kazi ilikuwa nyingi. Vinanda alivyojenga, kupanua au kutengeneza ni karibu 170, na kama 30 hivi vimebaki, vizima au kwa sehemu. Mtu mmoja hawezi. Alikuwa na mafundi waliokwenda vikundi vikundi, huku sehemu zikiundwa Hamburg na kusafirishwa kwa maji, maana mbao na risasi barabarani zingekula faida yote. Ndiyo maana ramani ya kazi zake inafuata mito na pwani: Elbe, Weser, Norden, Groningen huko Uholanzi. Mwaka 1701 vinanda vyake viwili vilipelekwa Ureno. Kimoja kinaaminika kuwa ndicho kilichovuka bahari na kufika Mariana, Brazil, mwaka 1753, na kingali pale kwenye kanisa kuu.

Norden panastahili kutajwa peke yake. Kanisa la Mtakatifu Ludger lina umbo gumu, nguzo kubwa katikati ya njia ya sauti. Schnitger alikizungusha kinanda kwenye nguzo. Alitumia mnara mmoja tu wa mabomba ya pedali badala ya miwili ya kawaida, akauweka ili besi iende kwa waumini walioketi upande usiokiona kinanda. Hiyo ni akili ya mtu aliyesimama kanisani akapiga makofi, akasikiliza, ndipo akashika penseli.

Wanamuziki wakubwa walimjua. Dieterich Buxtehude, mtunzi na mpiga kinanda, alisafiri kutoka Lübeck mwaka 1687 kwenda kukisikia kinanda cha Mtakatifu Nikolai, akatamani fundi yuleyule atengeneze cha kanisa lake. Kanisa halikutoa kazi hiyo. Johann Sebastian Bach naye aliomba nafasi ya mpiga kinanda wa Mtakatifu Yakobo mwaka 1720. Schnitger alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla. Nafasi ilikwenda kwa Johann Joachim Heitmann, ambaye baadaye alilipa kanisa mark 4,000. Miaka mingapi ya muziki wa Bach juu ya mabomba yale ilipotea kwa malipo hayo, siwezi kuifikiria bila kuumia.

Baada ya hapo vinanda vilipita mitihani yao. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza, serikali ilichukua mabomba ya mbele ya Mtakatifu Yakobo kwa ajili ya bati yake. Kisha mitambo ya kupasha makanisa joto ilikausha mwaloni wa masanduku mpaka ukapasuka, na upepo ukaanza kupita kati ya mifereji. Huo ni ugonjwa ambao bado unatibiwa. Ugonjwa wa kila siku ni mdogo zaidi: sauti isiyonyamaza. Chembe ya vumbi au kipande cha mbao kimekaa chini ya kilango, hakifungi, na bomba linalia katikati ya mahubiri. Kabla hujagusa springi, fungua sanduku, vuta kilango taratibu, pitisha kipande cha karatasi kati ya ngozi na fremu. Mara nyingi tatizo linatoka na karatasi. Ukikaza springi kwanza umeficha vumbi na umemwongezea mpiga kinanda uzito wa kidole.

Schnitger aliishi miaka yake ya mwisho Neuenfelde, kijiji cha bustani za matunda karibu na Elbe, kwenye shamba lililotoka upande wa mke wake wa kwanza, Gertrud Otte. Alizikwa kanisani pale tarehe 28 Julai 1719. Wanawe wawili, Franz Caspar na Johann Georg, walijenga kinanda kikubwa cha Zwolle, Uholanzi, kilichokamilika mwaka 1721. Kinanda cha Neuenfelde alikuwa amekijenga mwenyewe mwaka 1688, rejista 34 kwa kibodi mbili na pedali. Kilifunguliwa tena chote na kukarabatiwa, na tangu mwaka 2017 kinapigwa humohumo kanisani alimolala.

Na kuna kijiji kingine, Cappel, karibu na mdomo wa mto Weser. Kanisa lao liliungua mwaka 1810. Mwaka 1816 walinunua kinanda kilichokuwa hakitakiwi tena Hamburg, cha mwaka 1680, rejista 30, kazi ya Schnitger. Kilifunguliwa, kikasafirishwa, kikasimamishwa. Kijiji hakikuwa na fedha za kufuata kila mtindo mpya, kwa hiyo karibu hakuna aliyekigusa. Mwaka 1950, Helmut Walcha, mpiga kinanda asiyeona, alipotafuta mahali pa kurekodi Bach, alipelekwa Cappel. Aliketi mbele ya kibodi zile mbili, akavipapasa vishikio mpaka akajua kila kimoja kilipo, akaanza.